Kengele ya Bi Mkubwa

Kengele ile haikulia, ilikohoa. Ko-ho, kimya kidogo, ko-ho tena, taratibu, kila mguu wa mbele ulipokanyaga. Baba aliitengeneza mwenyewe kibarazani kwetu Ng'ambo, mjini Tabora, kwa kipande cha debe la mafuta ya taa, na ndani yake akaning'iniza nati ya baiskeli badala ya ulimi. Alikuwa fundi bati mwenye jina lake. Koroboi, ndoo, vikombe vya kupimia karanga, hakuna alichoshindwa. Lakini kengele ya ng'ombe hakuwahi kutengeneza hata moja, na hiyo ya kwanza alipoitikisa, mama alitoa kichwa dirishani akauliza nani humo anaumwa kifua. Baba akanuna siku nzima. Tangu hapo nimesikia kengele za shule, za makanisa, na za simu za watu wasiojua kuzizima, lakini ni mlio ule mmoja wa bati unaoweza kunisimamisha nikiwa natembea. Nikiukumbuka tu, harufu zote zinaufuata nyuma: umande juu ya majani makavu, moshi wa samadi, vumbi jekundu, na pumzi ya ng'ombe, ambayo kwa asiyeizoea ni harufu ya majani yaliyolala kwenye maji ya uvuguvugu. Mimi naipenda kuliko udi.

Sisi si watu wa ng'ombe, bora niseme mapema. Ukoo wetu ulifika Tabora pamoja na misafara, zamani hizo watu walipotembea kutoka pwani miezi kwa miezi, ukachoka, ukakaa. Tukawa watu wa kibaraza, nyundo na mkasi wa bati. Ng'ombe tulimjua akiwa kilo moja ndani ya karatasi, tena kutoka kwa Bwana Feruzi, jirani yetu mwenye bucha. Lakini mwaka huo, mimi nikiwa na miaka kumi hivi, ndoo za plastiki zilikuwa zimejaa katika maduka ya Wahindi, nyekundu, bluu, nyepesi hata mtoto anabeba tatu. Nyundo ya baba ikaanza kulala mpaka saa nne asubuhi. Shangazi yake alikuwa amemwachia kiunga nje ya mji, kando ya njia ya zamani ya misafara, chenye miembe mizee na kisima kimoja. Siku moja baba akala chakula cha mchana, akanawa, akatangaza kwamba ataanza kufuga ng'ombe wa nyama: majike wa kuzaa, dume mmoja, na madume watakaozaliwa wanenepeshwe, wauzwe kwa wenye bucha. Mama akakusanya vyombo. Baba akauza bati lote lililobaki, akauza na vifaa alivyorithi kwa babu. Maana yake hata mimi niliielewa: hapakuwa tena na mahali pa kurudi. Ng'ombe wakipotea, na sisi tumepotea.

Alikwenda Ziba, huko Igunga, akaelekezwa nyumbani kwa kijana mmoja wa Kisukuma aitwaye Luhende, mwembamba, mcheshi, mwenye kofia ya pama isiyotoka kichwani. Luhende alimpa kigoda, akampa maziwa mgando kwenye kibuyu, akamuuliza habari za mke, za mtoto, za safari, za mvua ya Tabora, moja baada ya nyingine bila haraka. Kisha akamwonyesha ng'ombe. Baba akachagua mitamba watatu, yaani majike wachanga ambao hawajazaa bado, na dume mmoja mchanga ambaye nundu yake ndiyo kwanza inaanza kusimama. Halafu macho yake yakamwangukia jike mkubwa, mwekundu, mwenye pembe ndefu zilizopinda sawasawa pande zote mbili. Fundi bati ni fundi bati, akapenda umbo. Sasa, kila mnunuzi wa ng'ombe humshika mnyama taya akamfunua mdomo aone meno, maana meno ndiyo umri. Baba alilijua hilo, aliwaona wengine wakifanya. Lakini alikuwa amekunywa maziwa ya mtu, ameulizwa habari za mwanawe, na kwa mtu aliyelelewa Ng'ambo, kumfunua mdomo ng'ombe wa mwenyeji wako mbele ya macho yake ni kama kuhesabu vijiko vya nyumba uliyoalikwa. Akaona haya. Luhende alisimama kando akangoja, akangoja, akaona mgeni hachungulii, akainamisha kichwa kwa heshima. Wakapeana mikono. Baba alituambia baadaye kwamba hajapata kufanya biashara ya kistaarabu namna ile.

Walifika siku ya tano, wakiswagwa kwa miguu na baba na Luhende mwenyewe. Mimi na mama tulikuwa tunawangoja kiungani. Njia ya zamani hapo kwetu ni mchirizi tu wa vumbi kati ya miembe, lakini asubuhi, jua likipita chini ya matawi, vumbi husimama hewani likakataa kushuka, na mtu akitokea mbali hujui kama anakuja au anakwenda. Nilisikia kwato kwanza. Halafu wakaanza kutoka ndani ya mwanga mmoja mmoja, jike mwekundu mbele, wale wanne nyuma yake wakiwa wamebanana. Nilikuwa nimesimuliwa sana habari za misafara, za wapagazi na ngoma na mizigo ya pembe, na kwa dakika nzima niliamini kwamba huu ni mmoja uliochelewa njiani. Jike mwekundu alikuja moja kwa moja mpaka nilipo, akaninusa ushungi, akapumua, akapita kwenda kukagua kisima. "Haya, Bi Mkubwa, karibu nyumbani kwako," mama akamwambia, maana alitembea kweli kama mke wa kwanza aliyekuja kuona nyumba inaendeshwaje. Jina likakaa, na baba akamvika ile kengele. Luhende alikula, akalala, na asubuhi akaaga. "Nitarudi siku moja kumsalimu mama yao," alisema. Tulidhani ni adabu tu za Kisukuma.

Hazikupita siku nyingi tukaona Bi Mkubwa anatafuna na kutema. Majani yalimwingia mazima, yakatoka mazima. Mama, ambaye haya za baba hakuwa nazo, akamshika taya akamfunua mdomo. Mbele, juu, hapakuwa na jino hata moja. Akamwendea mtamba wa kwanza: juu hakuna. Wa pili, hakuna. Wa tatu, hakuna. Hata dume! "Jamani!" mama akapiga ukelele, "tumeuziwa vibogoyo watano!" Baba alikaa chini palepale. Nikatumwa mbio mjini kumwita Bwana Feruzi, naye akaja na koti lake la buchani, akachungulia, akacheka hadi akajishika kwenye nguzo. Ng'ombe yeyote, akatuambia, hana meno ya mbele ya juu, ndivyo Mungu alivyomuumba, na kama tungeuliza asingefunga bucha bure. Tukashusha pumzi. Lakini akarudi kwa Bi Mkubwa, akachungulia chini safari hii, na kicheko kikamwisha. Chini nako palikuwa fizi tupu na visiki viwili. "Huyu ni bibi wa bibi zao," akasema. "Kazi iliyombakia ni moja, nayo ni yangu." Mama akamgeukia baba. "Wewe ulikwenda kununua ng'ombe au ulikwenda kuposa?" Kabla ya magharibi Ng'ambo yote ilikuwa inajua. Kwa wiki kadhaa baba hakuweza kupita barazani bila mtu kumuuliza kama mke mkubwa hajambo, na anakula nini.

Alikuwa anakula kilichotoka mkononi mwangu, ndicho alichokuwa anakula. Shule zilikuwa zimefungwa. Kila asubuhi nilitwanga maganda ya viazi na ya mihogo katika kinu cha mama, nikachanganya na pumba, maji ya uvuguvugu na chumvi kidogo, nikatia katika ndoo ya bati aliyoitengeneza baba, ya mwisho kabisa. Nilimtangulia Bi Mkubwa na ndoo yangu. Yeye alinifuata kwa ajili ya pumba, wale wanne wakamfuata yeye kwa sababu zao wenyewe, na hivyo ndivyo tulivyokwenda malishoni, mimi mbele, kengele ikikohoa nyuma yangu. Watu walimwambia mama kwamba ananichosha mtoto bure kwa ajili ya kikongwe cha ng'ombe. "Mwacheni," alijibu, "ng'ombe haelemewi na nunduye." Tuliifuata njia ya zamani mpaka inapoingia kwenye miyombo, huko mizinga ya nyuki inakoning'inia matawini, na harufu ya asali na nta hukaa chini ya miti hata kama humwoni nyuki. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu kikawa cha rangi moja. Nilijilaza chali, Bi Mkubwa akasimama akinifanyia kivuli, akatafuna pasipo na cha kutafunia, na mawingu ya bure, yale yasiyo na mvua, yakapita juu ya pembe zake. Wakati mwingine nilisinzia, nikaota wapagazi wakipita kimya na mizigo yao, na nikiamka sikuwa na hakika ni kipi kilikuwa ndoto. Sijapata tena kuwa na raha ya namna ile. Nasema kweli.

Kuna mambo tuliyaona wala hatukuyaelewa. Garimoshi la Kigoma lilipopiga honi huko stesheni, wale wanne waliruka wakataka kukimbia, kisha wakamtazama Bi Mkubwa. Yeye hata sikio hakuligeuza. Nao wakatulia. Kisima walikiogopa hadi yeye alipoinama akanywa. Jua likishuka kufikia matawi ya chini, bila kuambiwa na mtu, aligeuka akaanza kurudi, nao wakapanga mstari. Baba alisimama langoni akiwahesabu wakiingia, akasema ng'ombe hawa wana akili kweli. Ng'ombe "hawa"! Asiyejua maana haambiwi maana.

Mwezi uliofuata ulikuwa wa hitima ya bibi, mama yake baba, ambayo hufanywa kila mwaka kwa kisomo na pilau. Majani yalikuwa yameisha, pumba zimeanza kuadimika, na utani wa barazani ulikuwa umeshamwingia baba mwilini. Akaamua Bi Mkubwa ndiye atakayeliwa. Nilipolia, alinijibu bila kunitazama. "Hawa ni ng'ombe wa nyama, mwanangu. Nyama ni nyama." Nikamwambia basi anichinje na mimi, mama akanipiga kikofi cha mdomo, na mambo yakaishia hapo. Nilimchukia baba. Sioni haya kulisema leo, maana yeye mwenyewe anajua. Asubuhi ya hitima nilimlisha Bi Mkubwa ndoo nzima, nikamfungua kengele shingoni, nikaijaza tambara isikohoe, nikaivaa ndani ya gauni langu. Iwapo watamla, nilijisemea, hiki hawatakipata.

Kosa letu lililofuata lingeweza kufanywa na watu wa mjini tu. Kwetu Ng'ambo mbuzi wa shughuli huchinjwa uani, hatua tatu kutoka jikoni, na hakuna mbuzi mwingine wa kumtazama. Basi na Bi Mkubwa wakamlaza palepale alipolala siku zote, ndani ya zizi, wakamwelekeza kibla, mwalimu wa madrasa akasema bismillahi. Wale wanne walikuwa wamefungwa nyuma ya miembe. Damu ikafukiwa kwa mchanga mzuri, wa kutosha, kama wafanyavyo watu wasafi. Mimi nilikuwa nimekaa kisimani nimeziba masikio.

Baada ya sala ya adhuhuri, wageni wakiwa wameshazunguka masinia pale kiungani, akatokea Luhende juu ya baiskeli, kofia yake kichwani, kibuyu cha samli kimefungwa nyuma. Ametoka Ziba, anapita kwenda kwa ndugu zake Kaliua, na ameahidi kusalimu. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Baba alifurahi kwelikweli. Luhende alikaribishwa mkekani, akala kwa hamu, akasifu mchele, akasifu bizari, akamtania mama kwamba watu wa Ng'ambo ng'ombe wanamjulia kwenye sufuria tu. Akanawa mikono. "Haya," akasema, "sasa nipelekeni nikamsalimu mama yao. Samli hii ni ya kumpaka pembe."

Mama alitazama sinia. Luhende akatazama alikotazama mama, na polepole akavua kofia yake. Ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa na kipara. "Mmemchinjia wapi?" aliuliza. Baba akamwambia zizini. "Na wale watoto wako wapi?" Baba alifungua kinywa kueleza kwamba wamerudishwa zizini sasa hivi, na kabla hajamaliza tukausikia mlio. Haukuwa wa njaa wala wa kiu. Tulikimbia tukawakuta wanne wote wameinamisha vichwa juu ya mchanga ule, wanaufukua kwa kwato, ndimi nje, macho meupe, wanalia kwa sauti ambayo sikujua ng'ombe anayo. Nilijua wanamlilia nani. Halafu dume akauegemea ua wa miti na miiba, ua ukalala, wakatoka wote. Wanaume wa Ng'ambo wakawatimua na kanzu zao nyeupe wakipiga kelele, na kanzu nyeupe inayokimbia si kitu cha kumtuliza ng'ombe. Luhende alipayuka waacheni, waacheni, lakini nani alimsikia? Wakaingia njia ya zamani, vumbi likasimama hewani, hatukuwaona tena.

Alfajiri tuliondoka watatu, baba, Luhende na mimi. Baba hakutaka niende, lakini Luhende aliuliza ni nani aliyekuwa akitembea na mama yao, na mama akanisukuma mbele. Nyayo zilielekea mawio ya jua, kule walikotoka. Husemwa kwamba ng'ombe avunjikapo guu hukimbilia zizini, lakini hawa zizi lenyewe ndilo lililowavunja. Tulitembea hadi umande ukakauka. Mwishowe baba akauliza lile lililokuwa limemkaa kooni tangu siku ya vibogoyo: kwa nini aliuziwa mzee asiye na meno, naye alikunywa maziwa ya watu kwa moyo safi? Luhende akasimama njiani, akamshangaa. "Kaka, mimi nilikungoja uchungulie. Hukuchungulia. Nikajua huyu mtu anajua anachokitaka. Nani anaanza kundi kwa watoto watupu? Watoto hawajui maji, hawajui njia, hawajui jioni. Mtu akianza, ananunua na mama mmoja mzee wa kuwafundisha. Wawili kati yao aliwazaa, wote aliwalea. Mimi nilikuuzia kwa bei ya mzee, si nilikuambia?" Ni kweli aliambiwa bei, na aliona ni ukarimu. Baba hakusogea. "Kumbe uliniuzia mwalimu," akasema, "nami nikamla." Luhende hakumcheka, na yule alikuwa mtu wa kucheka.

Jua lilipofika utosini tuliwakuta kwenye lambo lililokauka, wamesimama matako kwa matako, mbavu zinapanda na kushuka. Baba alipiga hatua mbili, wakatoweka mitini. Tukawazungukia, wakatoweka tena. Mara ya tatu Luhende akakaa chini. Akasema tukiwafuata tena wataingia pori kubwa, na huko watakuwa wa fisi au wa wezi, yeyote atakayetangulia. Baba akakaa juu ya kisiki, akavua kofia, akalia. Hakulia kama watu wazima wanavyolia misibani, kwa kufunika uso. Alilia wazi, kama mimi. Chuki yangu ikaniyeyuka yote mara moja, nikabaki na hofu na huruma tu. Nikamwendea, nikaingiza mkono ndani ya gauni. Nilitaka kumrudishia kitu chake, basi, nimwambie niliiba. Nilipoivuta kengele, tambara likadondoka, nati ikapiga bati. Ko-ho. Kule mitini, vichwa vinne vikainuka.

"Ivae," Luhende akaninong'oneza. "Tangulia uende nyumbani. Usikimbie, na usigeuke nyuma. Mama yao hakuwa anageuka." Baba na yeye wakalala kifudifudi kwenye majani. Nikaifunga kengele shingoni juu ya ushungi, nikaanza kutembea, nikiinamisha na kuinua kifua ili ikohoe kama alivyoikohoza yeye. Mbele yangu ilikuwa njia ya zamani, nyeupe kwa jua, miti imesimama pande mbili bila upepo. Nyuma yangu sikusikia kitu. Nilihesabu hatua mia, nikapoteza hesabu. Kila kiungo changu kilitaka kugeuka. Nilifikiria wapagazi wa zamani, kwamba aliye mbele kabisa naye huenda alitembea hivi, akiamini tu kwamba msafara upo. Nyuki walipita. Nikaanza kuzungumza na Bi Mkubwa polepole, nikamwomba radhi kwa ajili yetu sote, kwamba hatukujua, kwamba sisi ni watu wa bati. Sikumbuki nilisema mangapi. Kisha tawi kavu likavunjika, mbali. Kisha jingine, karibu. Na baadaye sana, nilipokuwa nimeshakata tamaa nikitembea tu kwa sababu miguu ilishazoea, nikahisi pumzi ya uvuguvugu kisogoni, harufu ya majani yaliyolala majini, na pua yenye unyevu ikanigusa bega. Sikugeuka. Machozi yalinitoka nikayaacha yadondoke, maana Bi Mkubwa naye hakuwahi kujifuta.

Tulifika kabla ya jua kuzama. Mama alikuwa langoni, akahesabu kwa vidole, mmoja, wawili, watatu, wanne, akakaa chini akamshukuru Mungu. Luhende akasema wasilale pale pa zamani, na kesho yake baba akahamisha zizi zima upande wa pili wa kisima kwa mikono yake. Lakini jioni ile alinijia kwanza. Alipiga goti moja ili tuwe sawa, akajaribu kunifungua kengele, akaiacha. "Nisamehe, Bi Mkubwa," akaniambia. Hajaniita jina langu tena tangu siku hiyo.

Niliwatangulia wale wanne mpaka shule zilipofunguliwa, na kwa wakati huo mtamba mmoja alikuwa ameshajifunza kuivaa. Walizaa. Madume wao walinenepa, wakaenda kwa Bwana Feruzi na wenzake, na mimi nikasoma kwa nyama hiyo hadi nikawa mwalimu, huko Kaliua, ambako reli ya Mpanda inaachana na ya Kigoma, na jioni wanafunzi wangu hudai wanaijua honi ya kila garimoshi. Mama amekwisha tangulia mbele ya haki. Ng'ombe waliuzwa baba alipozidiwa na magoti. Kiunga kimezungukwa na nyumba za mabati, miembe imebaki minne, na ile njia ya misafara nusu yake imewekwa lami, pikipiki zinapita juu yake bila kujua zinapita juu ya nini. Sasa nami, mvi zimeshanitokea, nimeamua kuanza kundi langu la kwanza, ng'ombe watano wa nyama. Watu wananiambia mambo yamerahisika siku hizi. Chanjo zipo, ng'ombe wanavalishwa hereni zenye namba, na kwenye simu kuna vijana wenye mabuti wanaokufundisha kila kitu, kuanzia uzito hadi majani. Nimewasikiliza, wanajua. Wote wanaanza na kumfunua ng'ombe mdomo.

Baba ninaishi naye. Hana jino hata moja, namtwangia chakula chake katika kinu kilekile. Jamaa walinishauri nimwache nyumbani, mzee wa umri ule atafanya nini mnadani Ziba, ila kuchosha watu? Nilikwenda naye. Niliwachungulia wanne niliowachagua, juu na chini, kila mmoja, sikuona haya hata kidogo. Nilipogeuka, baba alikuwa ameshafika mwisho wa uwanja na fimbo yake, amesimama mbele ya jike mkuukuu mweusi mwenye nyonga zilizotokeza, amemshika taya. Kijana aliyekuwa akimuuza aliweka simu mfukoni, akamkimbilia. "Shikamoo, babu. Nisikudanganye, huyo hana meno."

"Marahaba, mjukuu wangu. Najua," baba akamwambia. "Safari hii nimemchungulia."

Kisha akanitazama, akanyoosha mkono. "Bi Mkubwa, umekuja nayo?"

Nilikuwa nayo shingoni, ndani ya gauni, nimeijaza tambara isikohoe.